Kilomita Sita za Malkia

Gurudumu la kushoto lilikuwa limelegea, nami nilikuwa nimepiga magoti nikizungushia ekseli ukanda wa bati niliokata kwenye kopo la rangi, Afra alipoingia karakanani akiwa bado na viatu vya mpira vyenye samadi ya zizini. Alisema "Moin", salamu yetu ya saa zote, na aliitamka vizuri kuliko mwaka uliopita. Nikamjibu bila kuinuka, maana ukanda ule ukiuachia kabla hujaupiga nyundo, unaruka.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniangalia nikifanya kazi. Afra Lechner ndiye daktari wetu wa mifugo. Alitoka kusini, kwenye milima, akaja kuchukua nafasi ya daktari wa zamani aliyestaafu, na hii ilikuwa baridi yake ya pili hapa Osterfehn. Mwaka jana, mwisho wa matembezi yetu ya kila baridi ya kwenda kula sukuma wiki, tulimchagua kuwa malkia. Ilikuwa nusu ya utani. Alikuwa amemaliza sahani nne za sukuma na soseji za shayiri, na hakuna mwingine aliyeitaka kazi ile. Kwani malkia au mfalme wa mwaka huu ndiye anayepanga matembezi ya mwaka unaofuata: njia, vinywaji, mahali pa kupumzika, na mkahawa tutakaoingia kula. Njia ni siri yake. Anayeitaja kwa sauti kabla hatujafika huvuta mkokoteni peke yake hadi mwisho, awe mzee awe kijana.

Mkokoteni wenyewe ndio huo niliokuwa nautengeneza. Hubeba chupa, matufe ya kurusha na upondo wangu wenye kikapu cha waya. Mimi ni mwangalizi wa pampu ya mitaro, na kwa kuwa naijua mitaro yote, kila mwaka ndimi ninayeopoa tufe likitumbukia majini.

Afra alikuwa amechoka. Hatukuwa tumeliona jua kwa siku ishirini na tatu. Najua hesabu hiyo kwa sababu huandika hali ya hewa kila asubuhi kwenye daftari la pampu. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba rafiki yake mwenye kliniki karibu na ziwa, kule kwao, amempa nafasi ya kazi, na anataka jibu Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Watu wa hapa hawaniambii kitu, Eilert," alisema. "Nikikosea, kimya. Nikipatia, kimya. Mwaka na nusu, na bado sijui kama nimefika."

Nilimwambia kwamba kwetu kimya mara nyingi ni dalili nzuri. Akasema hata ng'ombe hunyamaza hivyo hivyo siku moja kabla ya kuugua. Niligonga bati mara tatu, nikalizungusha gurudumu, nikasikiliza. Alisubiri mpaka likasimama, kisha akaniuliza mkokoteni una upana gani, kutoka gurudumu hadi gurudumu.

"Sentimita sabini na nane," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo alilokwisha kulipima. Nami nikabaki na nyundo mkononi. Katika njia zetu za miguu kuna kitu kimoja tu kinachomlazimu mtu kujua upana wa mkokoteni, nacho ni daraja jembamba. Na daraja jembamba lipo moja. Mwezi wa kumi na moja, kama kila mwaka, nilikuwa nimeling'oa mimi mwenyewe, ili maji ya baridi na barafu visilibebe. Mbao zake zilikuwa zimeegemea ukuta nyuma yangu, chini ya turubai.

Kila mtu wa Osterfehn anajua kwamba daraja lile huondolewa. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwambia mtu mwingine. Nilifikiria kumuuliza Afra kama anakusudia kupita kule, lakini malkia haulizwi njia. Nikajiambia kwamba amepima tu kwa sababu ni mtu wa kupima. Nilichomwambia ni kwamba gurudumu litastahimili kilomita kumi na mbili, si zaidi. Akacheka, akasema nane zinamtosha, kisha akajiziba mdomo kwa kuwa alikuwa karibu kunipa siri.

Jumamosi saa saba mchana tulikusanyika mbele ya kituo cha zimamoto, watu kumi na wanane, kila mmoja na kikombe kidogo cha kioo kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Mawingu yalikuwa chini sana, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Hinrich Boekhoff, anayefuga ng'ombe wa maziwa kwa miaka hamsini sasa, na maneno pia, alimwuliza Afra kama amekuja na dira au tutafuata harufu. Afra akamjibu kwamba dira ameipokea kutoka kwa ng'ombe wake Hinrich, kwani wale peke yao ndio wanaojua pa kwenda pale kwake. Mkewe, Gesche, alicheka hadi kikombe kikamgonga kidevuni.

Tuligawana timu mbili, ya tufe jekundu na ya tufe la buluu, tukaanza kurusha barabarani. Mchezo ni rahisi: kila mtu hurusha kwa zamu kuanzia pale tufe la mwenzake liliposimama, na timu inayofika mbali kwa mirusho michache ndiyo inayoshinda. Ugumu uko kwenye barabara zetu, ambazo zimekunjika kama utumbo na zina mtaro kila upande.

Nimetembea matembezi haya mara thelathini na nane, na sijaona yaliyopangwa vizuri kama yale. Kila mahali aliposimamisha msafara palikuwa na sababu. Tulipumzika nyuma ya ua wa miti wa shamba la Kolk, pale ambapo upepo hukatika ghafla na unaweza kusikia pumzi yako mwenyewe. Alikuwa ameficha pale chupa za supu ya moto ndani ya majani makavu. Kituo cha pili kilikuwa kwenye mhazeli, mti unaotangulia mingine yote kuchanua, na ulikuwa tayari umetoa vishada vyake vya manjano. Alipita tu karibu nao bila kuonyesha kidole, akasimama. Watu walikunywa, wakapiga soga, na mmoja baada ya mwingine wakaviona vile vishada. Gesche alikivuta kimoja akakipuliza, vumbi la manjano likapaa, akakaa akiliangalia. Ni mwanamke ambaye tangu Krismasi alikuwa hatoki ila kwenda dukani. Nilifikiri: huyu Afra amekuja hapa peke yake, mara nyingi, na ametazama.

Kisha tukafika kwenye miti mitatu ya mpopla. Kushoto kuna barabara. Kulia kuna njia ya majani inayokwenda kwenye mtaro mkuu, na haiendi pengine popote.

Afra akapinda kulia.

Watu kumi na saba tulimfuata. Nataka kulieleza hili vizuri, kwa sababu baadaye watu wa vijiji vingine walitucheka, wala hawakukosea. Hakuna aliyesema neno. Hinrich aliniambia baadaye kwamba alidhani Afra amepatana nami nilirudishe daraja. Gesche alidhani kuna mashua. Mimi, niliyekuwa na mbao zile nyumbani, nilidhani kwamba angegeuka kwenye lango la malisho, na tulipolipita lango nikadhani ana jambo ambalo akili yangu haijalifikia. Kulitamka daraja kungekuwa kuitaja njia. Basi tulitembea robo saa nzima, sote tukijua, na mkokoteni ukilia nyuma yetu.

Mtaro pale una upana wa mita tano. Maji yalikuwa ya kahawia na yamejaa. Nguzo mbili za daraja zilisimama upande huu na mbili upande wa pili, na katikati hapakuwa na kitu. Mita mia nne ng'ambo, paa la mkahawa wa Menno lilikuwa likitoa moshi, na upepo ulituletea harufu ya sukuma iliyokuwa jikoni tangu Alhamisi.

Afra alisimama mbele ya nguzo. Alitazama maji, akatazama paa, akatazama tena maji. Saa yangu ilionyesha tisa na nusu.

"Mwezi wa nane lilikuwepo," alisema.

Nilimweleza kwamba huondolewa wakati wa baridi. Aliuliza anayeliondoa ni nani. Nikasema ni mimi. Hakuuliza kwa hasira. Aligeuka akatuangalia sote, uso baada ya uso, na kila aliyefikiwa aliangalia viatu vyake.

"Nani alijua?"

Gesche ndiye aliyesema, taratibu.

"Sote, mwanangu. Sote tulijua."

Sijui ningefanya nini kama ningekuwa yeye. Hinrich, ambaye chini ya maneno yake ni mtu mwema, alitoa simu akasema atampigia mwanawe aje na trekta na tela, tutafika kwa Menno ndani ya nusu saa. Alitaka kumsaidia. Lakini kila mtu pale alijua maana yake. Miaka mingi iliyopita mfalme mmoja alitupoteza kwenye ukungu, tukachukuliwa na trekta, na mpaka leo mjukuu wake anaitwa Ukungu hata shuleni. Afra alikuwa amekwisha kukisikia kisa hicho. Akipanda tela lile Jumamosi, Jumatatu angekuwa na jibu rahisi la kumpa rafiki yake.

Afra aliniuliza kuzunguka kwa njia ya tuta linalozuia bahari ni umbali gani.

"Kilomita sita," nikasema. "Pungufu kidogo."

"Na gurudumu?"

Nilipiga hesabu. Tulikuwa tumekwenda saba na nusu. "Litafika kumi na mbili. Baada ya hapo silijui."

Afra akainama kwenye mkokoteni, akatoa tufe jekundu, akalifuta tope kwa sweta yake, akaliinua.

"Hili kosa ni langu, sikuuliza," alisema. "Na lenu, hamkusema. Haya, zamu ya nani kurusha?"

Watu walitazamana. Hinrich aliirudisha simu mfukoni. Akasema, kama mtu anayeungama, kwamba zamu ni yake.

Hakuna mtu wa kwetu anayepita chini ya tuta wakati wa baridi. Tunaishi kilomita mbili kutoka baharini, na baharini hatuendi ila mgeni akija. Nilikuwa nimesahau barabara ile. Ni nyembamba, ya lami, imenyooka kama uzi chini ya mteremko wa tuta, haina gari, na upande mmoja ina majani mafupi yaliyoliwa na kondoo, kwa hiyo tufe likitoka hurudi lenyewe. Miaka yote hiyo tulikuwa tukirusha kwenye vijia vya kujikunja, na uwanja bora kuliko yote ulikuwa umelala pale ukitungoja.

Hinrich alikimbia hatua zake sita za kizee, akauzungusha mkono, akaachia. Tufe lilikwenda. Liliendelea kwenda. Tulisimama tukilisikiliza likivuma juu ya lami hata baada ya macho kulipoteza. Nililifuata nikihesabu hatua, na nilipolifikia nilikuwa nimehesabu mia moja thelathini na moja. Nikapaza sauti kutaja hesabu. Mzee yule wa miaka sabini na minne alivua kofia, akaivaa tena, akamwuliza Afra barabara hii ameificha wapi siku zote. Afra akasema ameificha nyuma ya daraja.

Baada ya hapo nilikuwa na kazi ndogo sana, kwa sababu hakuna tufe lililotumbukia. Nilitembea na upondo begani nikawatazama. Watu waliokuwa wamejikunja tangu mwezi wa kumi na mbili walianza kunyooka. Makoti yalifunguliwa. Gesche alirusha mara mbili mfululizo kwa kudai kwamba ya kwanza ilikuwa ya kupima upepo, na timu ya buluu ikapiga kelele za dhuluma mpaka kondoo wakaja kuangalia.

Halafu, karibu na saa kumi na moja, mawingu yalipasuka kwa chini upande wa magharibi, ufa mwembamba tu, na jua likaingia kupitia pale. Lilikuja limelala, juu ya majani ya tuta, likatufikia magotini kwanza. Hakuna aliyelitaja. Afra alikuwa mbele, akikaribia kurusha. Alisimama na tufe mkononi, uso umegeukia kule, macho yamefungwa, na tulimngoja. Nafikiri tulisimama dakika mbili. Ng'ambo ya tuta mabata bukini walipaa, kundi ambalo sikujaribu kulihesabu, na mimi huhesabu kila kitu. Walipita juu yetu wakipiga kelele kama soko zima linalohama, na matumbo yao yakashika rangi ya jua.

"Rusha basi, Daktari," Hinrich alisema baadaye, kwa upole. "Hao hawana zamu."

Alirusha vibaya, kama kawaida yake. Tufe lilipanda mteremko, likafikiri, likashuka, likasimama mita ishirini mbele. Wa timu yake walimpigia makofi.

Gurudumu lilikufa kilomita moja kabla ya kufika. Bati lilipasuka, ekseli ikala mbao, na mkokoteni ukainama upande wa kushoto. Nilikuwa nimekadiria kumi na mbili, likatupa kumi na mbili na robo, sikulilaumu. Nilipitisha upondo wangu chini ya mkokoteni ili watu wawili waunyanyue upande ule. Kabla sijamaliza kufunga kamba, Afra alikuwa ameshika ncha moja, na ncha ya pili alikuwa ameishika Hinrich. Gesche alimkumbusha mumewe kwamba ana mgongo. Hinrich akasema mgongo anao siku zote, malkia anaye hadi leo jioni tu.

Walibeba hivyo kilomita nzima, bega kwa bega, naye Hinrich akimweleza habari za ng'ombe wake anayechelewa kuzaa, na Afra akimwuliza maswali, pumzi zikitoka mvuke. Sikusikia yote. Nilisikia Hinrich akisema kwamba daktari wa zamani hajawahi kumgusa ng'ombe yule bila kupigwa teke, na kwamba Afra hajapigwa hata mara moja, jambo ambalo wao nyumbani wamelizungumza sana. Afra alimwuliza kwa nini basi hawakumwambia yeye.

"Tungekuambia nini?" Hinrich alisema. "Wewe ndiye uliyekuwepo."

Tulifika kwa Menno saa kumi na mbili kasorobo, jua likizama. Menno alikuwa mlangoni na aproni yake, akasema alituona saa tisa na nusu tumesimama ng'ambo kama ng'ombe kwenye lango lililofungwa, akairudisha sufuria motoni. Sukuma huzidi utamu kila inapopashwa, na ile ilikuwa imepashwa mara tatu. Tulikula mpaka madirisha yakatoa jasho.

Mwishoni Afra alisimama kumtaja atakayemrithi. Alijivua mkufu wa umalkia, ambao ni mfupa wa taya la nguruwe uliofungwa utepe, akasema mshindi amepatikana kwa kosa la kung'oa daraja, akanivisha mimi. Walipiga meza kwa vijiko. Nimeikwepa kazi hiyo miaka thelathini na nane kwa kula kidogo.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nilikwenda kwenye mtaro na msumeno, nyundo kubwa, kamba ya kupimia na nguzo nne mpya. Asubuhi nilikuwa nimempigia simu mwenyekiti wa chama chetu cha mitaro. Nilimwambia kwamba nguzo zikipandishwa sentimita arobaini, daraja litakaa juu ya maji hata ya baridi, na halitahitaji kung'olewa tena. Aliniuliza kwa nini wazo hilo halikunijia miaka yote. Nikasema hakuna aliyeuliza.

Nilikuwa nimekwisha kusimamisha nguzo ya kwanza na nachimba shimo la pili Afra alipotokea akitembea kutoka upande wa mipopla. Ng'ombe wa Hinrich alikuwa amezaa alfajiri, ndama jike, salama. Afra hakuwa amelala usiku kucha. Alishika mwisho wa kamba ya kupimia bila kuombwa, akausoma, akaniuliza kwa nini nimeweka tisini wakati mkokoteni ni sabini na nane.

"Watu wawili wapite sambamba," nikasema, "ikiwa gurudumu litakufa tena."

Alicheka. Kisha akasema mfalme hatakiwi kuonyesha njia ya mwaka ujao kiasi hiki. Nikamwambia daraja si njia, linaweza kuwa hila. Tukachimba. Udongo ulikuwa mzito na unarudi shimoni kila tunapoutoa, na nguzo ya pili ilikaa wima baada ya kuitoa mara tatu na kuirudisha. Jua lilitoka kidogo, likaondoka. Baadaye niliandika kwenye daftari la pampu kwamba lilikaa kwa muda wa saa moja na dakika kumi.

Nguzo mbili za ng'ambo zilibaki zimelala kwenye majani. Kuzifikia kulihitaji mashua au mzunguko wa kilomita sita, na mwanga ulikuwa unatuacha. Nikasema zingoje kesho.

"Kesho siwezi kabla ya saa kumi," Afra alisema, akifuta mikono kwenye suruali. "Asubuhi nina zizi la akina Gesche, kumtazama ndama, halafu nawapigia wale wa kusini wasinisubiri."

Nikasema saa kumi ni sawa. Tulifunika nguzo zile mbili kwa turubai, tukaweka jiwe juu ya kila pembe, na msumeno nikauacha pale pale chini yake.